Pumzi Tatu Kabla ya Katalogi: Uzingativu na Ufundishaji wa Tafakuri katika Maktaba za Vyuo Vikuu

Siku yangu ya kwanza katika maktaba ya chuo kikuu nilitoka bila kitabu. Nilikuwa na kikaratasi chenye majina ya vitabu vitatu alivyovitaja mhadhiri, nikazunguka kati ya rafu kwa karibu saa nzima nikisoma namba zilizobandikwa kwenye migongo ya vitabu bila kuelewa kwa nini herufi zinafuatwa na tarakimu na tarakimu zinafuatwa tena na herufi, na mwishowe nikasimama karibu na kaunta ya wakutubi. Mbele yangu walikuwapo watu wawili. Nilijifanya ninasoma tangazo la faini za kuchelewesha vitabu, na zamu yangu ilipokaribia nikaondoka. Hakuna aliyenikaripia wala kunidharau. Niliogopa tu kuonekana sijui jambo ambalo niliamini wenzangu wote wanalijua. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshakuwa mkutubi mwenyewe, niligundua kwamba hofu ile ilikuwa imekwisha kufanyiwa utafiti na kupewa jina kabla hata sijaanza darasa la kwanza.

Ninalitanguliza tukio hili kwa sababu mada ninayotaka kuifafanua hueleweka vibaya inapoanzia mahali pengine. Mazungumzo kuhusu uzingativu, yaani kuileta akili kwa kusudi kwenye jambo lililopo sasa, na ufundishaji wa tafakuri, yaani kufundisha kwa mazoezi ya namna hiyo, katika maktaba za vyuo vikuu, hasa vya Marekani ambako yameshamiri zaidi, mara nyingi huanzia kwenye mito ya kukalia, kengele ndogo na vyumba vya kimya, na msomaji hubaki akijiuliza mambo hayo yanahusiana vipi na kazi ya mkutubi. Ukianzia kwa msomaji aliyesimama mbele ya rafu akiwa na hofu, uhusiano huo huonekana mara moja.

Aliyeipa hofu ile jina, "hofu ya maktaba", ni mtafiti Constance Mellon, aliyechapisha matokeo ya utafiti wake mwaka 1986 baada ya kufuatilia kwa miaka miwili maandishi ya wanafunzi wapatao 6,000 katika chuo kikuu kimoja cha kusini mwa Marekani. Wanafunzi hao hawakutakiwa kujibu ndiyo au hapana. Waliandika, kama mtu anavyoandika katika shajara, jinsi walivyojisikia walipoanza kutafuta taarifa za kazi zao za darasani. Kati ya asilimia 75 na 85 walieleza mwanzo wao kwa maneno ya hofu: kupotea, kuzidiwa, kutojua pa kuanzia. Kilichonigusa zaidi ni kile alichokikuta Mellon chini ya maneno hayo. Wanafunzi waliamini kwamba wenzao wanaijua maktaba isipokuwa wao peke yao. Kwamba kutojua huko ni aibu inayopaswa kufichwa. Na kwamba wakiuliza swali, aibu hiyo itafichuka. Mwaka 1992 Sharon Bostick akatengeneza kipimo cha hofu ya maktaba chenye sentensi 43, na moja ya sehemu zake inahusu vikwazo vinavyotokana na wafanyakazi wa maktaba wenyewe, yaani sisi.

Carol Kuhlthau wa Chuo Kikuu cha Rutgers alilichukua jambo hili mbali zaidi. Alianza na wanafunzi wa sekondari, akawafuata tangu wanapopewa kazi ya utafiti hadi wanapoikabidhi, na mwaka 1991 akaeleza kwamba safari hiyo ina hatua sita: kupokea kazi, kuchagua mada, kuchunguza, kupata mwelekeo, kukusanya taarifa na kuwasilisha. Jambo ambalo wengi hawakulitarajia ni mwenendo wa hisia katika hatua hizo. Tungedhani kwamba kadiri mtu anavyosoma ndivyo wasiwasi unavyopungua. Kuhlthau aliona kinyume chake katika hatua ya tatu: mwanafunzi ameshachagua mada, ameshafurahi, ameanza kusoma, na hapo hapo mashaka yanapanda, kwa sababu taarifa anazozipata hazikubaliani wala haziendani na alichokidhani awali. Wengi hufikiri kwamba wamekosea mada na wanaiacha. Kumbe wapo mahali panapotakiwa, ila hakuna aliyewaambia kwamba njia ya utafiti inapitia kwenye ukungu huo.

Ikiwa hofu na mashaka ni sehemu ya utafutaji wenyewe, basi kumfundisha mwanafunzi abonyeze wapi hakutoshi. Somo la maktaba katika vyuo vingi ni kikao kimoja cha dakika hamsini, ambamo mkutubi anaonyesha katalogi, hifadhidata mbili tatu za makala za kitaaluma, jinsi ya kuunganisha maneno ya kutafutia, kisha anawaaga. Mellon mwenyewe aliona kwamba dawa yenye nguvu kuliko nyingine ni kuitaja hofu waziwazi mbele ya darasa na kusema kwamba ni ya kawaida. Hiyo ni mbegu ya ufundishaji wa tafakuri katika maktaba, ingawa alipoisema hakutumia neno hilo.

Sasa tuyapange maneno yenyewe, maana hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. Neno la Kiingereza "mindfulness", kwa maana inayotumika leo, lilitiwa katika tafsiri ya maandiko ya Kibuddha mwaka 1881 na Thomas William Rhys Davids, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni huko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Alikuwa anatafuta neno la kufasiria "sati" ya lugha ya Kipali, ambayo asili yake ni kukumbuka. Msomaji wa Kiswahili ana njia fupi ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa dhikri nayo, katika Kiarabu ilikotoka, ni kukumbuka na kutaja. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni ibada moja, kwani si ibada moja hata kidogo. Ninasema tu kwamba fikra ya akili inayosahau ilipo na kuhitaji kurudishwa si ngeni kwetu.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanabiolojia wa molekuli, alifungua katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, kliniki ya kuwasaidia wagonjwa wenye maumivu na msongo wa mawazo. Programu yake, ambayo leo hujulikana kuwa ya wiki nane, ilitumia mazoezi ya uzingativu, na aliyaondoa mazoezi hayo katika mazingira ya dini ili mgonjwa yeyote aweze kuyafanya. Maelezo yake ya uzingativu, ambayo karibu kila mtu huyarudia, yana nguzo tatu: kuelekeza usikivu wa akili kwa kusudi, kwa jambo lililopo sasa, bila kulihukumu. Baadhi yetu hulitafsiri neno hili kwa "utulivu wa akili", wengine "umakinifu". Mimi ninapendelea uzingativu, kwa sababu utulivu ni tunda ambalo huenda likapatikana au lisipatikane, ilhali kuzingatia ni tendo. Mwalimu anapoandika ubaoni "Zingatia" na kupiga mstari chini yake, hamwambii mwanafunzi atulie; anamwambia alete akili yake hapa na aibakishe.

Ufundishaji wa tafakuri ni jambo pana zaidi ya hilo. Ni kuingiza katika masomo ya kawaida ya chuo mazoezi yanayomtaka mwanafunzi akae na kitu kimoja kwa muda na kujitazama anavyokipokea: kusoma aya moja polepole mara tatu, kuandika bila kusimama kwa dakika tano, kumsikiliza mwenzake bila kumkatiza, kutazama picha moja au ramani moja kwa robo saa. Mwanasaikolojia wa Marekani William James aliandika mwaka 1890 kwamba uwezo wa kuurudisha kwa hiari usikivu uliotangatanga ndio mzizi wa uamuzi, tabia na nia ya mtu, na kwamba elimu ambayo ingeukuza uwezo huo ingekuwa elimu iliyo bora kuliko zote. Wazo hilo lilipata watu wa kulifanyia kazi katika vyuo vya Marekani kuanzia miaka ya 1990, na si katika idara za dini peke yake. Miongoni mwa waliolisukuma mbele ni Arthur Zajonc, mwalimu wa fizikia, na Daniel Barbezat, mwalimu wa uchumi, wote wa Chuo cha Amherst.

Wakutubi waliingia baadaye, na walipoingia walikuta maneno haya yamekwisha kubebeshwa mizigo mingi. Ndiyo maana leo mtu akisema kwamba maktaba fulani "inafanya uzingativu" huenda anazungumzia mojawapo ya mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni huduma ya mapumziko: chumba cha kimya, mazoezi ya kupumua wakati wa mitihani, labda mbwa waliofunzwa wanaoletwa ili wanafunzi wawashike na kupunguza msongo. La pili ni njia ya kufundishia utafutaji na utumiaji wa taarifa. La tatu ni mwenendo wa mkutubi mwenyewe katika kazi yake, hasa anapomsikiliza msomaji. La kwanza ni jema, lakini linaweza kufanywa pia na ofisi ya ushauri nasaha, zahanati ya chuo au chama cha wanafunzi, na huenda wakalifanya vizuri kuliko sisi. La pili na la tatu yana asili katika kazi ya maktaba, na hayo ndiyo yanayostahili kutufikirisha.

Mlango wa jambo la pili ulifunguliwa zaidi mwaka 2016, pale chama cha maktaba za vyuo na utafiti cha Marekani kilipopitisha mfumo mpya wa umahiri wa taarifa, yaani uwezo wa kutafuta, kutathmini na kutumia taarifa, badala ya orodha ya ujuzi iliyokuwapo. Mfumo huo umejengwa juu ya dhana sita, na chini ya kila dhana hautaji maarifa tu bali pia mielekeo ya moyo: kuwa na akili iliyo wazi, kukubali kwamba utafutaji wa kwanza huenda usilete matokeo ya kuridhisha, kuvumilia pale jibu lisipoonekana. Hakuna mkutubi anayeweza kufundisha uvumilivu kwa kuonyesha kitufe. Ilibidi watu watafute njia nyingine.

Nieleze njia hiyo inavyoonekana ndani ya chumba, kwa kikao kimoja nilichokiongoza kwa wanafunzi wa ualimu. Kompyuta zilikuwa zimewashwa lakini skrini ziligeuzwa pembeni, na simu zililazwa kifudifudi mezani. Nilianza kwa kuwasimulia kisa changu cha tangazo la faini, kwa kuwa nimejifunza kwamba chumba hulegea pale mkutubi anapokiri kwamba naye alikimbia kaunta. Kisha tukavuta pumzi tatu, kila mtu akiwa amefumbua macho na ametazama popote apendapo. Zoezi lote halikufika dakika moja. Baada ya hapo kila mmoja aliandika kwenye karatasi swali lake la utafiti kwa Kiswahili, kwa sentensi kamili, kana kwamba anamwuliza shangazi yake.

Ninasisitiza hatua hii ya Kiswahili kwa sababu katika maandishi ya wakutubi wa Marekani haipo, wala hawana sababu ya kuwa nayo. Mwanafunzi wetu anaifikiri mada yake kwa lugha moja na kuitafuta kwa nyingine. Hifadhidata zinataka maneno ya Kiingereza, na yeye, kwa haraka, huchukua neno la kwanza la Kiingereza linalomjia, ambalo mara nyingi ni jembamba au pana kuliko alichokikusudia. Msichana mmoja aliandika: "Kwa nini watoto wa shule za msingi zilizo karibu na mwalo wanaacha kuja shuleni msimu wa dagaa?" Hilo ni swali lenye uhai, ndani yake mna mahali, msimu, riziki na watoto. Lakini alipogeuza skrini aliandika neno moja tu la Kiingereza lenye maana ya utoro, na mbele yake yakaja makumi ya maelfu ya makala, nyingi zikihusu miji ya Ulaya na Amerika.

Hapa ndipo darasa la kawaida lingekimbilia kumwonyesha vichujio vya tarehe na lugha. Niliwaomba wasiguse chochote, bali waandike pembeni mwa swali lao kile wanachokihisi wakati huo, mwilini na akilini. Yeye aliandika kwamba mabega yamepanda na kwamba anataka kufunga ukurasa achague mada nyingine. Hiyo ni hatua ya tatu ya Kuhlthau, imeandikwa kwa mkono wa mtu ambaye hajawahi kumsikia Kuhlthau. Nikawaambia hivyo, kwamba hapo walipofika panajulikana na pana jina. Kisha wakarudi kwenye karatasi na kulinganisha: ni neno gani lililomo katika swali la Kiswahili ambalo halimo katika kisanduku cha kutafutia? Akaona mwenyewe. Uvuvi haumo. Msimu haumo. Kazi za watoto, ambazo ndizo kiini cha anachokishuku, hazimo. Tulipoyaingiza hayo kwa maneno yanayofaa, orodha ilipungua hadi makala anazoweza kuzisoma kwa wiki mbili, na baadhi zilihusu jamii zilizo kandokando ya Ziwa Victoria.

Katika tukio hilo hakuna ajabu yoyote ya kiroho. Pumzi tatu hazikumpa maarifa. Zilimpa nafasi, na katika nafasi hiyo aliweza kutazama alichokuwa anakifanya badala ya kusukumwa nacho. Ufundi wa utafutaji ulibaki kuwa ufundi, na ilinibidi kuufundisha. Ila safari hii ulimkuta mwanafunzi yupo.

Fikra hiyo hiyo ya kusimama kwanza imeingia katika mafunzo ya kutambua habari za uongo, ingawa wengi wanaoyafundisha hawaiiti uzingativu. Mike Caulfield, mwalimu wa Marekani wa stadi za kukagua habari za mtandaoni, aliandaa utaratibu wa hatua nne wa kukagua habari za intaneti: simama, chunguza chanzo, tafuta taarifa bora zaidi, fuatilia dai hadi lilikotoka. Hatua ya kwanza haina ufundi wowote. Ni kutambua kwamba habari hii imekupandisha hasira au imekufurahisha mno, na kwamba kidole kimekwisha kuelekea kwenye kitufe cha kusambaza. Yeyote aliye katika makundi ya familia ya WhatsApp anajua thamani ya sekunde hiyo moja.

Hata hivyo pana mtego hapa, na ningependa wanaoshabikia ufundishaji wa tafakuri wautazame kwa uaminifu. Mwaka 2017 watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watu 45 kazi ya kutathmini tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wakaguzi wa ukweli wa habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki kwenye ukurasa, wakausoma kutoka juu hadi chini, na wakapotoshwa na nembo nzuri na anwani zinazoonekana rasmi. Wakaguzi waliondoka kwenye ukurasa karibu mara moja, wakafungua kurasa nyingine kuuliza ni nani aliye nyuma ya tovuti hiyo, na wakaujua ukweli kwa muda mfupi zaidi. Kwa maneno mengine, kukaa na matini kwa makini si fadhila kila wakati. Kumpa mwongo usikivu wako wote ni kumpa alichokuja kukitafuta. Mkutubi anayefundisha kusoma polepole na asifundishe wakati wa kuondoka upesi amefundisha nusu ya somo, na mimi nilikuwa miongoni mwao kwa muda mrefu. Ninavyoona sasa, uzingativu katika maktaba ni kujua usikivu wako uko wapi na kuamua kama panaustahili. Kasi huja baada ya uamuzi huo.

Mtu aliyelifanyia kazi jambo la usikivu na vyombo vya kidijitali kwa undani kuliko wengi ni David Levy wa shule ya taarifa ya Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Mwaka 2012 yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha watumishi wa idara za rasilimali watu, waliogawanywa katika makundi: wengine walipata mafunzo ya wiki nane ya uzingativu, wengine mafunzo ya kulegeza mwili, wengine hawakupata chochote mwanzoni. Walipewa kazi ya ofisi yenye barua pepe, simu na ujumbe unaoingia kwa pamoja. Waliopata mafunzo ya uzingativu walidumu na kazi moja kwa muda mrefu zaidi na hawakuruka huku na huko mara nyingi kama wengine. Ninalolipenda zaidi kwa Levy ni zoezi alilowapa wanafunzi wake: soma barua pepe zako tu, bila kufungua kitu kingine, na kila unapotamani kuhama, andika ni nini kilichotokea kabla ya tamaa hiyo. Ni zoezi lisilohitaji fedha, na nimewahi kulifanya na wanafunzi wanaoandika tasnifu, nikiweka makala moja ya kitaaluma mahali pa barua pepe. Wengi waligundua kwamba huhama pale wanapokutana na neno wasilolijua. Si uvivu. Ni ile aibu ya Mellon, imehamia kwenye skrini.

Je, ushahidi wa jumla unasemaje? Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la tiba ya ndani la chama cha madaktari cha Marekani yalikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515, na yakaona kwamba programu za tafakuri hupunguza kwa kiasi wasiwasi, sonona na maumivu, lakini hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba zinaboresha usikivu, wala kwamba zinazishinda njia nyingine kama dawa au mazoezi ya viungo. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, jaribio lililowahusisha wanafunzi 616, likachapishwa mwaka 2018, lilionyesha kwamba waliosoma kozi ya wiki nane walikuwa na dhiki ndogo ya akili wakati wa mitihani kuliko waliopata huduma za kawaida za chuo. Kwa watoto wa miaka 11 hadi 14, jaribio kubwa la Uingereza lililotoa matokeo mwaka 2022, lenye wanafunzi zaidi ya 8,000 katika shule 85, halikuona kwamba mafunzo ya uzingativu yanazidi masomo ya kawaida ya stadi za maisha. Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown wameandika tangu mwaka 2017 kuhusu watu waliopata hofu kali au kukosa usingizi kutokana na tafakuri, hasa ya muda mrefu na ya nguvu. Maandishi ya wakutubi wenyewe kwa sehemu kubwa ni taarifa za uzoefu. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuwaahidi wakuu wa chuo kwamba pumzi tatu zitapandisha ufaulu. Sababu ninayoiona kuwa imara ni ile ya Mellon na Kuhlthau: hisia zimo ndani ya utafutaji, na anayefundisha utafutaji bila kuzigusa ameacha kitu nje.

Pana lawama nyingine, nzito zaidi. Ronald Purser, profesa wa Marekani wa masomo ya usimamizi, aliandika mwaka 2019 kwamba uzingativu umegeuzwa bidhaa inayomtwisha mtu mmoja mmoja mzigo wa msongo ambao chanzo chake ni mfumo wa kazi na uchumi. Katika ukutubi lawama hii inakutana na hoja ya mkutubi wa Marekani Fobazi Ettarh ya mwaka 2018, kwamba wakutubi huiona kazi yao kama wito mtakatifu kiasi kwamba kudai mshahara wa haki au saa za kawaida huonekana kama usaliti. Nikiyaweka pamoja maneno ya hao wawili ninaiona hatari waziwazi: chumba cha kusomea kina mkutubi mmoja mahali palipohitaji wanne, na uongozi unamletea semina ya kupumua. Huko ni kulitumia jambo jema vibaya, na mkutubi ana haki ya kusema hivyo. Vilevile mwanafunzi anayeshindwa kusoma kwa sababu fedha za mkopo hazijaingia na hajala tangu jana hahitaji kwanza zoezi la kuutazama mwili wake. Anahitaji chakula.

Suala la dini nalo lisirukwe. Wapo wanafunzi Waislamu na Wakristo ambao wakiambiwa wafumbe macho na kusikiliza kengele watahisi kwamba wanaingizwa katika ibada isiyo yao, na hisia hiyo ina msingi, kwa kuwa mazoezi haya yana historia ya Kibuddha niliyoieleza. Heshima inadai kwamba zoezi liwe la hiari, litangazwe kabla, lifanywe kwa macho yaliyo wazi, na asiyetaka apewe jambo jingine la kufanya kimyakimya bila kuulizwa sababu. Wengi wao tayari wana mila zao za kukaa na maneno. Aliyepita chuo cha Kurani kwa ustadhi akajifunza kuirudia aya moja mpaka ikae, au aliyezoea kukaa na mstari mmoja wa Biblia asubuhi nzima, anakuja maktaba na uwezo ambao sisi hatujauomba autumie kwenye makala ya kitaaluma.

Nayo mazingira yetu yanaongeza sababu. Wanafunzi wengi husoma kwa madesa, zile nakala za maelezo zinazorithishwa mwaka hadi mwaka, ambazo humpa mtu jibu kabla hajakaa na swali. Mabweni yamejaa, na kwa wengi maktaba ndiyo mahali pekee penye kimya. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 2018, ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kimya cha ukumbi mkubwa namna hiyo ni rasilimali ya kufundishia, si kanuni ya nidhamu peke yake, ikiwa mkutubi atamwonyesha msomaji namna ya kukitumia.

Limebaki jambo la tatu, mwenendo wa mkutubi kwenye kaunta, ambalo kwangu ndilo lenye faida ya haraka kuliko yote. Mwaka 1968 Robert Taylor, mtaalamu wa ukutubi wa Marekani, alieleza kwamba swali la msomaji hupitia ngazi nne: kwanza ni haja isiyo na maneno, kisha huwa wazo lenye ukungu, kisha swali lililoundwa, na mwisho huwa swali lililopunguzwa ili lilingane na kile ambacho msomaji anadhani maktaba inaweza kukijibu. Sisi kaunta tunaletewa hilo la nne. Mkutubi mwenye haraka hulijibu kama lilivyo, na msomaji huondoka na kitabu ambacho hakukihitaji.

Mwaka juzi kijana mmoja alisogea akaniuliza, "Samahani mama, vitabu vya historia viko upande gani?" Ningeweza kumnyooshea kidole ghorofa ya pili. Niliondoa mikono kwenye kibodi, nikamtazama, nikasema, "Viko juu, mwanangu. Ni historia ya nini hasa?" kisha nikanyamaza. Kimya hicho kilimpa tabu kidogo, na mimi pia, kwa sababu nyuma yake walikuwapo wengine wanaosubiri. Akasema ni historia ya Tanganyika. Nikaitikia kwa kichwa, sikuongeza neno. Ndipo akasema kwamba marehemu babu yake alifanya kazi Nachingwea kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, yale ya mradi ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika baada ya miaka michache, na kwamba nyumbani hakuna anayejua alilipwa nini wala kwa nini alirudi kwa miguu. Nilimwomba aliyekuwa anafuata kwenye foleni aniwie radhi, nikamwita mwenzangu ashike kaunta, nikapanda na kijana yule mpaka kwenye rafu.